Kengele Niliyoiziba Isivuje

Mimi ni fundi bati hapa Ruponda, na nasema bila aibu: ndoo yangu haivuji. Nenda mpaka Ruangwa ukaulize. Kila nikiunga bati na bati, katikati naweka utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, natoboa, napitisha ribiti, kile kimsumari cha kuungia bati, naigonga juu ya kipande changu cha reli mpaka kichwa kilale. Mkono umeshazoea, sifikirii tena.

Basi akaja mama mmoja mfugaji, wale waliohamia na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa. Kashika kengele ya bati nene, ya kumvalisha ng'ombe anayeongoza kundi. Ribiti za ubavuni zimekatika, kengele imeachama. Uso wake ulikuwa na hofu. Ng'ombe wake walishaingia shamba la watu, na kijiji kimemwambia wakirudia, ahame.

"Fundi, ikilia tunawasikia mapema, tunawatoa kabla hawajala. Isipolia, nimekwisha."

"Hilo dogo, mama," nikamwambia. Nikaipiga ribiti mpya, safi kabisa. Akaitikisa. Ikasema du, du. Akaitikisa tena. Du. Akanitazama.

Lo! Nilikuwa nimeweka mpira! Kengele ya ng'ombe nimeiziba isivuje maji! Wauza nyanya jirani zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Yule mama naye, pamoja na shida zake, akajishika mbavu. "Sasa fundi, nimvalishe ng'ombe au nikatekee maji?"

Nikacheka na mimi, ningefanyaje? Nikashika tindo, nikakata vichwa vya ribiti, nikachomoa mpira, nikapiga upya, chuma kwa chuma. Safari hii ililia mpaka mbuzi wa sokoni wakageuka.

Wiki ileile, alfajiri, nipo kitandani, nikaisikia: nge, nge, nge! Nilifurahi jamani! Nikamwamsha mke wangu. "Sikia! Sikia kazi ya mumeo!"

Akasikiliza kidogo, akaruka akitafuta kanga. "Kazi yako imo kwenye mbaazi zetu!"

Tukatoka mbio. Yule mama alikuwa anakuja upande wa pili, fimbo mkononi, anatweta, machozi yanamlenga. Mashina machache yalikuwa yameshaliwa. Mke wangu, ambaye hata mimi hanisamehe kirahisi, akaitazama kengele, akamtazama yule mama.

"Swaga ng'ombe wako, dada," akasema. "Hakuna aliyesikia kitu."

Na majirani wote walikuwa wamesimama milangoni, kengele inalia mpaka barabarani.