Sheria ya Sauti Katika Seneti Yetu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, hapa hapa Kakese, nilipowasha simu nikakuta nimefukuzwa Roma.

Usicheke, mwanangu. Umeniomba nikusaidie kuandika kanuni za kundi lenu la mtandaoni, nami naona heri kwanza nikusimulie yaliyonipata katika kundi letu. Na nyie mnaoniita bibi kwa ajili ya hizi mvi chache, jueni ujana wangu ulikuwa juzi tu.

Kundi letu tuliliita Seneti ya Katavi. Tulikuwa vijana wachache, wengine Mpanda mjini, wengine Mamba, wengine Kasekese, na kilichotukutanisha ni kupenda historia ya Warumi wa kale. Nadhani sababu ni majina ya Kirumi tuliyobatizwa. Katika parokia zetu utamkuta Klaudia anapalilia mahindi, Feliksi anaendesha bodaboda, na mimi mwenyewe ni Severina. Basi tuliiona Roma kama kijiji cha wajomba. Tulichagua makonsuli wawili wa kutuongoza kila mwaka, tukawa na maseneta wa kujadili mambo, na tribuni wa kuwatetea wanyonge. Mimi nilikuwa karani. Niliandika maazimio na kuhesabu kura.

Wewe unajua kuwa sisikii. Umezoea kunigusa bega kabla ya kusema nami. Wenzangu wa Seneti hawakujua. Homa ya uti wa mgongo ilinichukulia masikio nikiwa bado shule ya msingi. Kusema nasema, lakini sauti yangu imepinda, na mtaani niliitwa bubu. Ndani ya Seneti kila kitu kilikuwa maandishi. Niliandika, nikajibiwa, nikabishana na watu wenye elimu zao, na siku nyingine nikawashinda kwa hoja. Kwa ile miezi, mwanangu, namshukuru Mungu mpaka leo.

Kisha Kornelio, mmoja wa makonsuli wetu, fundi simu aliyekuwa na kibanda karibu na stendi, akaleta kanuni mpya. Mwanachama akishtakiwa, ajitetee kwa ujumbe wa sauti, kama Mrumi aliyesimama mbele ya watu akahutubia. Asiyesikika mpaka jua linazama, ahesabiwe amekiri. Wenzangu wakashangilia. Nami nikaipigia kura ya ndiyo, maana niliogopa kwamba nikipinga wataniuliza sababu.

Haikupita muda, mjadala mzima wa kumchagua konsuli mpya ukafutika. Wenye uwezo wa kufuta walikuwa viongozi wachache tu, na karani akiwa mmojawapo. Mtu akanitaja. Sauti zikaanza kumiminika, na mimi naona vistari tu vya mawimbi kwenye kioo. Nikaandika, "Si mimi." Kornelio akaandika, "Karani, kanuni unaijua. Tunasubiri sauti yako." Nikaisogeza simu mdomoni, nikakumbuka vicheko vya mtaani, nikaiweka chini. Ndipo kulipokucha nikakuta nimeshatolewa.

Wakati huo niliishi kwa shangazi yangu Agripina, dada yake baba, Mungu amlaze pema. Alikuwa amekaa miaka mingi kwenye baraza la kata akisuluhisha ugomvi wa mipaka na wa ndoa, na mtu akimdanganya alimwacha amalize kwanza. Alinikuta nachambua maharage, machozi yanadondokea kwenye ungo. Nikamweleza yote. Nikasema nitaanzisha kundi langu mwenyewe, na hao wengine watajuta.

Akanishika kidevu. Ndivyo alivyofanya alipotaka niitazame midomo yake vizuri.

"Wamekukosea," akasema taratibu. "Pale barazani, mtu akinyamaza tulimuuliza kwanza kanyamazia nini. Lakini na wewe uliwaficha, Severina. Mficha uchi hazai. Vaa viatu twende kwa huyo mkubwa wenu."

Tukapanda bodaboda hadi mjini. Kornelio alikuwa ameinamia simu ya mteja, bisibisi mkononi. Mimi kwa aibu nikageukia barabarani, kwa hiyo yaliyofuata nilisimuliwa na wao wenyewe.

"Wewe ndiye konsuli?" shangazi akauliza.

Kornelio akacheka, maana hakuna aliyewahi kumwita hivyo mchana kweupe. "Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Yule pale ndiye karani wako uliyemfukuza. Hebu mwite."

Akaniita. Sikugeuka. Akaniita tena kwa nguvu, wapita njia wote wakageuka, mimi nikabaki nimewapa mgongo.

"Hasikii tangu utotoni," shangazi akamwambia. "Hiyo ndiyo sauti mliyokuwa mnaisubiri."

Nilichokiona mimi ni kijana aliyezunguka akasimama mbele yangu, macho yamemwiva, akaandika kwenye simu yake: "Kwa nini hukutuambia?"

Nikamjibu kwa mdomo, kwa sauti yangu hiyo hiyo: "Kwa sababu kule hakuna aliyeniita bubu."

Hakucheka. Alinivutia stuli, na siku ile ile akanirudisha kwenye Seneti. Akawaandikia wote: "Tumevaa vyeo vya Warumi tukasahau sheria yao moja kubwa. Raia aliyehukumiwa na mkubwa aliruhusiwa kuwaita wananchi wenyewe waamue. Leo karani anawaita. Someni maneno yake."

Nikaandika utetezi wangu. Na habari ya masikio yangu nikaiandika pia.

Kisha akajitokeza tribuni wetu, Tomasi wa Kasekese. Simu yake ilikuwa imejaa, alikuwa anafuta picha na mambo ya zamani, akafuta na mjadala ule bila kukusudia, nao kwa kuwa yeye ni kiongozi ukafutika kwa wote, na aliposikia kesi imefunguliwa akaogopa. "Nilinyamaza," aliandika, "na mimi nasikia vizuri."

Wengine walitaka atolewe saa ile ile. Mimi nikaomba naye asomwe kwanza kama nilivyosomwa. Wakamsamehe. Kanuni ya sauti ikafutwa, na kuandika mpya nikapewa mimi.

Mwanangu, sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Basi kabla hamjapitisha kanuni, mtafuteni aliyenyamaza mumuulize itamkata wapi. Msimtoe mtu kabla hajajieleza kwa njia anayoiweza, na anayemshtaki asiwe ndiye anayemhukumu. Mkubwa akishaamua, pawe na mlango wa kurudi kwa watu wote. Vyeo vizuri vichagueni, vinanogesha, ila visiwapofushe. Na wewe mwenyewe, kanuni ikikuumiza, sema mapema. Kura yako ya uoga itakurudia.

Nawashukuru wote watatu: shangazi aliyenikemea, Kornelio aliyekubali kurudi nyuma mbele za watu, na Tomasi aliyesema kweli akiwa amechelewa. Mungu akujalie watu wa namna hiyo pande zako zote, nawe akujalie kuwa mmoja wao kwa mwingine. Kundi lenu na listawi, likawe nyumbani kwa kila atakayebisha hodi. Nenda kaandike, mwanangu. Baraka zangu unazo.