Rangi ya Buti

Kabla ya kugusa gari la mtu, fundi umeme wa mtaa wa Malukhu huvua saa na pete, huvitia ndani ya kofia yake, kisha huomba redio ya jirani izimwe. Gari langu la mbio lilimfikia likivutwa kutoka Jinja, ambako mafundi wawili waliniapia kwamba kompyuta ya injini imeungua. Mashindano yalikuwa kesho yake. "Washa, bwana." Nikawasha: tik, basi, na taa zikafifia. "Tena." Safari hii alikuwa nyuma, kwenye buti nilikohamishia betri, kiganja juu ya waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, pale unapofungwa kwenye bodi ya gari. Palikuwa na joto. "Hii rangi nyekundu nani alipaka?" Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba ni mimi, juzi, ili buti ipendeze. Hakucheka. Alifungua nati, akakwangua kwa kisu kiduara cha upana wa kidole mpaka chuma kikang'aa, akafunga tena waya juu ya chuma kitupu, pasipo rangi ya kuzuia umeme. Injini ikanguruma mara moja. Nikaketi vumbini nikicheka peke yangu. Yeye alikuwa bado ameinama, anapangusa unga wa rangi kwa mkono wa shati lake. "Ile rangi ingine nimekuachia, bwana," alisema. "Iko mzuri."