Tumbo Lililokataa Kazi

Harufu ya uji wa ulezi uliochacha ndiyo iliyoijaza nyumba yetu ya Mlowo mwaka nilipotimiza miaka kumi. Haukuchachia chunguni, ulichachia tumboni mwangu. Nilichokunywa asubuhi kilirudi jioni vilevile, na shangazi akasema nimelishwa kitu na watu. Nilinyweshwa dawa za minyoo, nikanyweshwa mizizi, nikaombewa; nikazidi kukonda hadi sketi ya shule ikafungwa kwa kamba. Mgonjwa haulizwi uji, lakini mama aliniuliza kila mara, “Hata vijiko viwili, mwanangu?” Nilitikisa kichwa kukataa, maana hata kusema kulinichosha. Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko, amechutama, anakula ugali harakaharaka kama mwizi. Aliona aibu kushiba mbele yangu.

Baada ya hospitali nyingi, daktari mmoja wa Dar es Salaam ndiye aliyetueleza kwamba tumbo langu halisukumi chakula; limelala. Kuna kifaa kidogo, alisema, hushonewa chini ya ngozi, na nyaya zake hulichochea tumbo kwa umeme kidogo. Kukiweka ni mpaka India. Baba, fundi baiskeli asiye na maneno mengi, akauliza, “Umeme ndani ya mtoto? Akinyeshewa je?”

Daktari hakucheka. “Hautamdhuru, mzee wangu. Lakini siwaahidi kupona. Huenda kutapika kutapungua tu.”

“Kupungua nako ni kitu,” baba akasema.

Tulingoja rufaa ya kwenda kutibiwa India hadi tukachoka kuulizia. Nilirudi kutoka India na uvimbe mgumu tumboni, kama kiberiti kilichofichwa chini ya ngozi. Sikupona. Lakini jioni moja mama alipakua wali laini, tukala sahani moja, na kulipokucha chakula kilikuwa hakijarudi. Alilia huku akifagia uani.

Sasa ni mtu mzima, naishi mji mdogo wa Mpemba, nina mtoto. Nala kidogokidogo mara sita kwa siku. Betri ilishabadilishwa mara moja, na itakwisha tena. Zamani nilidhani mgonjwa nilikuwa mimi peke yangu. Juzi mwanangu alikataa chakula kwa homa ya kawaida tu, nikasimama karibu naye tangu asubuhi, mwishowe nikampigia mama simu, nikamwambia mtoto hataki kula.

“Umechoka?” akaniuliza.

“Nimechoka, mama.”

“Basi keti,” akasema. “Mimi sikuketi.”