Miguu Yangu, Kichwa cha Clarisse

Nikisikia makofi ya wasichana wanaocheza nzango, nyayo zinaniwasha mpaka leo. Kwetu Lubunga uwanja ulikuwa nyuma ya shule, udongo mwekundu uliofagiliwa asubuhi, na harufu ya mihogo iliyolowekwa ilitushika mpaka kwenye nywele. Wawili wanasimama uso kwa uso, wanaimba, wanaruka, na wakitua kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Upande mmoja unapata pointi miguu ikilingana, mwingine ikipishana. Hakuna aliyeruka kama mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Msimu ule Tonton, kaka yake mama, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto, alisema atachukua msichana mmoja akakae kwake mjini, asome huko. Nyumbani tulikuwa wawili: mimi na Clarisse, mtoto wa mama mdogo, miguu kama vijiti, akiruka anaanguka. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na kutazama. Kwangu jambo lilikuwa limekwisha. Nilishajiona ndani ya mtumbwi.

Wasichana wa ng'ambo walipokuja kucheza nasi, Tonton alikaa mbele kabisa. Mpinzani wangu, msichana mwenye pengo, alinitazama miguuni. "We wa mihogo, unaruka sawa chura." Nikawaka. Pointi zikaanza kwenda kwake, moja baada ya nyingine. Mama alipenda kutuambia hasira hasara, lakini methali haimsaidii mtu aliyeko hewani. Clarisse akaniletea maji, akaninong'oneza, akiniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake: "Yaya, ukikasirika unatoa tu muguu ya kuume. Ule ameshaona, anakuchokoza makusudi. Cheka naye kwanza."

Nikacheka. Nikabadilisha miguu, nikashinda, wenzangu wakanibeba. Nikiwa juu ya mabega yao nikamwona Tonton amemwinamia Clarisse. "Ulimwambia nini?" Naye akamweleza taratibu, kama mwalimu. Tonton akamgeukia mama. "Bon, huyu iko na kichwa. Nitavuka naye. Ule mwingine iko na miguu, atakusaidia shambani." Jasho lilikuwa langu, safari ikawa yake.

Mimi sekondari nilimalizia hapahapa Lubunga. Sasa nina mtoto mgongoni, na baba yake yuko Basoko, simu haishiki. Clarisse anasomea ushauri nasaha. Hajamaliza, lakini tayari anakaa na timu ya wasichana mjini. Anachopenda ni vichwa vya wachezaji, woga wao kabla ya mechi, hasira yao katikati. Hasira alijifunzia kwangu, bure.

Jumapili iliyopita alivuka kunisalimia, na ile sauti yake laini ya masomo. "Yaya, roho iko namna gani siku hizi?"

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nikamjibu wazi: "Niko na wivu."

"Wivu ya nani?"

"Yako, leki, mudogo yangu. Tangu siku ile ya nzango."

Nilingoja anifundishe kupumua, kama wachezaji wake. Badala yake alimtoa mtoto mgongoni mwangu, akamlaza begani. "Nililia kwa Tonton mwaka muzima akuchukue na wewe. Alikataa. Sikukuambia, niliona haya."

Nikakasirika kuliko mwanzo. Utotoni nilimwonea wivu kwa nafasi aliyopewa. Sasa namwonea wivu hata kwa moyo wake. Angekuwa mtu mbaya, ningepumzika.