Mama kaijua pampu kuliko mimi

Leo mama yangu, mshonaji, kanifundisha kazi yangu mbele ya wenzangu.

Pampu ya maji ya mtaa wa Jadida ilikuwa inavuja kwenye shafti, kile chuma kinachozunguka. Wiki hii nimefunga sili mpya mbili, ile mipira ya kuzuia maji, na zote zimevuja. Mtaa mzima siku ya tatu hauna maji, na mafundi ndio sisi.

Asubuhi mama akaniletea chai pale kwenye pampu. Mimi nimeshika sili ya tatu, tayari kuifunga.

"Hebu ngoja," akasema.

Akapitisha ukucha juu ya shafti, taratibu, kama anavyokagua kitambaa.

"Mbona hapa panakwaruza? Si ndipo panapokata mpira wako?"

Nikagusa. Kweli, pana kijino kidogo kabisa. Mara zote mbili nimelaumu sili. (Wenzangu ghafla wote wakawa na shughuli.)

Nikapasugua kwa msasa laini, nikafunga, nikawasha. Saa nzima hakuna hata tone, na maji yakapanda mtaani.

Nikamwambia, "Mama, nimeona haya."

"Usione haya, mwanangu. Mie nimelaumu uzi miaka mingi, kumbe sindano ndiyo mbovu."

Nyie mama zenu wamewafundisha nini kazini?