Michembe ya Ukurasa wa Kumi na Mbili

"Michembe inachemshwa kabla ya kuanikwa tangu lini?"

Bibi aliniuliza hivyo nyumbani Ngulyati. Nilikuwa nimetoka kujisifu. Jarida la chuo chetu kikuu lilikuwa limeorodhesha vitabu vipya vya wahitimu, na changu kilikuwemo, katikati ya kimoja cha umwagiliaji na kingine cha uongozi, chenye picha ya mwandishi aliyekunja mikono kifuani. Changu, kijitabu cha utoto wangu, kilisifiwa kuwa kimefanyiwa utafiti wa kina. Utafiti gani? Nilikiandika Dar, kitandani, kwa kumbukumbu tu. Mimi niliyewahi kumuuliza katekista nyasi za ng'ombe wa safina ziliwekwa wapi, sifa yangu mwenyewe sikuihoji.

Nilitaka jambo moja: kitabu kiingie kwenye sanduku la bati la bibi. Humo mna Biblia, vitenge vya sikukuu na cheti cha ubatizo cha babu. Asichokiamini hakiingii. Cheti changu cha digrii alikikataa kwa sababu kimeandikwa Kiingereza, na hajui kinasema nini juu yangu.

Bibi hasomi, kwa hiyo mama alimsomea kwa sauti. Alisikiliza akitabasamu hadi ukurasa wa kumi na mbili, nilipoandika kwamba alichemsha viazi vitamu, akavikata, akavianika, vikawa michembe. Ndipo akauliza. Mama, badala ya kunitetea, akakunja ncha ya ukurasa, msaliti mkubwa.

Kila mtoto wa Kisukuma anajua kwamba michembe ni viazi vilivyokatwa na kuanikwa vibichi. Ukivichemsha kwanza, hayo ni matobolwa. Nikasingizia kiwanda cha uchapaji.

"Mashine ndiyo iliyochemsha?"

Nikabisha kwamba hata michembe huchemshwa mtu akitaka kuila. Akasema hiyo ni baada, si kabla, na chuoni labda hawafundishi tofauti. Nikaahidi kurekebisha toleo la pili. Basi, akasema, sanduku litasubiri toleo la pili.

Kesho yake sokoni Bariadi, wauza viazi, ambao mama alikuwa ameshawasimulia, waliniamkia: "Mwangaluka, mwalimu wa matobolwa." Nikaitikia kwa adabu. Ningefanyaje?

Siku ya kuondoka, bibi alinipa michembe kwenye karatasi iliyokunjwa kama ya karanga. "Chemsha ukifika, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ukifika." Kitabu sikukiona popote, nikaamini kimetumika kuwashia moto wa jikoni. Dar nilichemsha michembe, karatasi nikaitupa bila kuitazama.

Miaka mitatu baadaye panya waliingia kwenye sanduku, mama akatoa kila kitu juani, kisha akanipigia simu akicheka hadi nikashindwa kumwelewa. Kitabu kilikuwa humo, chini ya Biblia. Bibi alikiweka asubuhi ile ile niliyoondoka, baada ya kukata kwa kisu karatasi moja tu, ile yenye ncha iliyokunjwa, akanifungia michembe.