Kitabu cha Fifwili Kilichotundikwa Chooni

Karibu yote ninayoyajua kuhusu fifwili niliyasoma nikiwa nimechuchumaa katika choo cha shimo kule Chepseon, nzi wa kijani wakitua mdomoni mwangu. Sijivunii. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa nimefika pale kupakia magogo ya blugamu, yaani mikaratusi. Lori la tajiri mmoja lilikuwa likipeleka kuni hizo kwenye viwanda vya chai, ambako huchomwa ili kukausha majani. Nilikusudia kukaa siku nne. Mimi sikai mahali. Hata shule niliiacha darasa la saba, kwa kuwa dirisha letu lilitazama barabara. Lakini fifwili ilinishika. Ni sahani ya chuma, pana kama meza ndogo, imelala nyuma ya kichwa cha lori na ina mdomo katikati. Chini ya pua ya trela kuna pini nene kama ngumi. Lori likirudi nyuma, mdomo unaimeza ile pini na taya zinafunga. Mzigo wote ule unashikwa na taya hizo tu. Nilitaka kujua zinajuaje kufunga.

Sahani ya zamani ilipopasuka, tajiri alinunua mpya. Ililetwa ndani ya kreti ya mbao, pamoja na kijitabu cha picha. Mbao zilienda jikoni kwa mkewe. Kijitabu alikitoboa kwa msumari, akakitundika chooni kiwe cha kupangusia.

Huko ndiko nilikokisomea. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, ila picha hazina lugha. Mashine ya kuchomelea ilikuwa imepigwa msalaba mwekundu. Bolti zilikuwa zikikazwa kwa zamu, halafu zikikazwa tena baada ya mwendo mfupi. Nilipotoka nilimkuta shemeji yake tajiri ameshavaa miwani ya kuchomelea.

"Tajiri, hii haichomelewi," nikasema. "Inafungwa na bolti mpya."

"Umesoma wapi hiyo, weri?" Aliniita weri, yaani kijana, ingawa nina ndevu.

"Kwa kitabu."

"Kitabu gani?"

"Ile iko choo."

Walicheka mpaka shemeji akaishiwa na pumzi. "Huyu ni injinia wa choo! Leteni yeye tishu!"

Dereva hakucheka. Alikuwa mzee mpole kutoka Kisii, na kila siku aliteremka na lori lile kuelekea Kericho, wachuma chai wakitembea kando ya barabara na vikapu mgongoni. Trela ikichomoka pale haichagui wa kumponda.

"Mimi naendesha na bolti," akamwambia tajiri. "Ukitaka ya kuchomelea, utapanda wewe."

Basi bolti zikatafutwa. Grisi haikutafutwa. Tajiri alitoka zizini na mkebe wa mafuta ya kukamulia ng'ombe, juu yake kumeganda nywele na kitu cha rangi ya kahawia ambacho sikukiuliza jina. "Si ni mafuta? Inateleza ama haitelezi?" Kwanza nilikwangua uchafu mweusi wa miaka pale ambapo sahani mpya ingekalia: mavi ya kuku, vumbi, panya aliyekauka bapa kama chapati. Sahani ilipokwisha kufungwa nikaipaka yale mafuta. Niliichukia mikono yangu hadi jioni.

Kabla ya kuunganisha trela, dereva aliniita kando. "Kitabu inasema nini juu ya kufunga? Nenda uangalie."

Nilienda. Yalikuwa yamebaki makaratasi mawili, yale ya bolti. Nikawasha tochi ya simu nikachungulia shimoni. Ukurasa nilioutaka ulikuwa kule chini, umelala chali juu ya yale yote, funza wakiutembelea kama watu wa sokoni. Niliona picha ya mtu ameinama na tochi, anatazama chini ya trela. Pembeni yake palikuwa na picha mbili, moja yenye alama ya vema, nyingine ya msalaba. Tofauti yao sikuiona. Funza walikuwa wameifunika. Nilitapika kidogo, nikatoka.

Dereva alirudisha lori nyuma kama alivyozoea. Kwaa! Mkono wa kufunga, ule wa chuma ubavuni mwa sahani, ukaingia wenyewe.

"Imeingia!" tajiri akapaza sauti. "Inua miguu ya trela, twende."

"Ngoja niangalie," nikasema.

"Uangalie nini? Si pasta aliombea hii gari?"

Nikainama na tochi kama yule mtu wa shimoni. Kati ya sahani na tumbo la trela vidole vyangu vitatu vilipita. Mahali ambapo ningepaswa kuona chuma juu ya chuma, niliona shamba la chai la upande wa pili, kijani kibichi, na mwanamke akichuma.

"Mzee, zima gari! Shuka uone!"

Akashuka, akalala kando yangu kwenye matope. Tukaelewa pamoja. Sahani mpya ilikaa chini zaidi kuliko ya zamani, lakini trela ilikuwa imesimama juu ya miguu yake kwa kimo kile kile cha zamani. Pini ilikuwa imekalia juu ya taya, haijamezwa. Ingetoka nasi hadi getini, labda hadi mteremko wa kwanza.

Mzee alisogeza lori mbele taratibu, akaifupisha miguu ya trela kwa mkono ili trela ishuke, akarudi nyuma tena. Safari hii mlio ulikuwa mzito, na kidole changu hakikupita.

Tajiri alikuwa akisafisha meno kwa kijiti. "Si mngeona tu huko barabarani," akasema.

Nimelala kwenye mazizi na nimekula vilivyotupwa, lakini ni sentensi hiyo iliyonichefua kuliko shimo.

Mzee alinituma nikachukue yale makaratasi mawili kabla hayajatumika. Aliyachomeka juu ya kioo cha mbele, na kwa kuwa siku ya nne ilipita sijaondoka, kila tulipokaza bolti aliniambia nimsomee. Jua likipiga yalinuka vibaya. Siku moja tajiri alipanda nasi, akakunja pua.

"Nini inanuka hivi humu ndani?"

"Ni akili, tajiri," mzee akajibu, macho barabarani.

Tajiri akafungua dirisha.